Kabla hujakata springi za DX, panda Wundanyi kwanza

Kutoka Mwatate hadi Wundanyi ni takriban kilomita 15 tu. Kwenye ramani hiyo ni safari ya kumaliza soda moja. Lakini ndani ya kilomita hizo barabara inapanda zaidi ya mita 500, ikijikunja kwenye ubavu wa milima ya Taita kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Upande mmoja kuna mwamba, upande wa pili kuna hewa. Sasa ongeza ukungu, lami iliyolowa na matatu iliyojaa inayoteremka ikiwa na haraka zake. Hapo ndipo utajua kama gari lako lina miguu, au limevalishwa viatu tu.

Nimeanza na barabara hii kwa sababu siku hizi kila mbogi, kuanzia Voi hadi Mombasa, haikosi msee mmoja mwenye gari la zamani. Mara nyingi ni Toyota Corolla DX. Amelirithi kwa babu, au amelitoa kwenye boma la mtu ambako lilikuwa limegeuzwa chumba cha kuku. Kitu cha kwanza anachofanya ni rangi. Cha pili ni rimu kubwa. Cha tatu ni kumwambia fundi akate springi ili gari likae chini. Picha inatoka safi, likes zinaingia, maisha yanaendelea. Shida inaanza kwenye kona ya kwanza ya maana.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Gari la zamani halishiki barabara kwa sababu ni gumu, wala kwa sababu liko chini. Linashika likirudishiwa kwanza kile ambacho miaka 40 imekula, kisha ndipo uongeze vyako. Ukigeuza mpangilio huo, unalipa pesa yako ili gari liwe baya kuliko lilivyokuwa. Na huku mlimani, ubaya huo hauhesabiwi kwa shilingi.

Usiniite injinia, chuo niliacha kabla ya gauni. Lakini haya mambo si siri ya mtu. Ni hesabu ya shule ya msingi, tochi, na moyo wa kulala chini ya gari ukichunguza.

Gari ambalo haliji tena kwa meli

Tuanze kwa kulijua gari lenyewe. DX tunayoisema hapa ni Corolla ya kizazi cha nne, kodi yake KE70, iliyotoka Japani mwaka 1979. Herufi DX ni kifupi cha "Deluxe", alama ya daraja iliyobandikwa nyuma, nasi Wakenya tukaifanya jina la gari zima. Injini yake ni 4K ya sisi 1290, yenye kabureta, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma.

Kwa kawaida Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini. Maana yake ni kwamba DX zilizopo ndizo hizo hizo zilizokuja zamani. Kila moja inayobingirika bondeni ni moja imepungua, na hakuna meli inayoleta nyingine. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kulishughulikia gari hili kwa akili.

Kama umetazama Initial D, ile katuni iliyotokana na vitabu vya Shuichi Shigeno vilivyoanza kuchapishwa mwaka 1995, basi unalijua gari jeupe na jeusi la kijana wa tofu. Hilo ni AE86, binamu wa damu wa DX. Mbele yote mawili yana miguu ya MacPherson, yaani shoki moja nene iliyopitishwa katikati ya springi. Mtindo huo una jina la Earle MacPherson, injinia wa Marekani, na Ford Consul ya mwaka 1950 ni miongoni mwa magari yaliyoufanya ujulikane. Nyuma, DX ya saluni ina ekseli moja nzima kama AE86, imeshikwa na mikono minne, springi mbili za koili, na fito moja inayozuia ekseli kwenda kushoto na kulia. DX ya stesheni wagoni, ile ya kubeba mzigo, nyuma ina springi za majani. Undugu huu ndio unaofanya watu wa nchi nyingine watoe miguu ya AE86 na kuifunga kwenye KE70.

Kwenye hadithi ile kuna jambo ambalo wengi wetu tulilipita tukikimbilia mteremko. Baba mtu alikuwa akimwekea kijana kikombe cha maji garini, na sharti lilikuwa maji yasimwagike. Kila mtu alidhani lile ni zoezi la mkono wa dereva, na kweli lilikuwa. Lakini maji hayatulii kwenye gari lenye shoki zilizokufa, hata usukani ungeshikwa na malaika.

Kwenye kona kunatokea nini hasa?

Gari lako linagusa dunia kwa vipande vinne vya raba, kila kimoja kinakaribia ukubwa wa kiganja chako. Hivyo vinne ndivyo vinavyobeba maisha ya wote mlio ndani. Kila kitu kingine chini ya gari kipo ili vipande hivyo visiache lami na visikae mshazari.

Ukiingia kona ya kulia, uzito unahamia magurudumu ya kushoto. Gari linalala. Ukikanyaga breki, uzito unakimbilia mbele na nyuma kunakuwa kwepesi. Hakuna gari lisilofanya hivyo. Tofauti kati ya gari zuri na baya ni kasi ya uzito huo kuhama, na kama unahama mara moja na kutulia au unayumba kwenda na kurudi.

Kazi imegawanywa hivi. Springi inabeba gari na kumeza shimo. Shokabzoba, au shoki kama tunavyoziita gereji, hazibebi gari. Kazi yao ni kuituliza springi, maana springi ikiachwa peke yake hucheza kama mtoto juu ya godoro. Bushi ni zile raba kwenye maungio. Zinakubali mkono wa chuma upande na kushuka, lakini zinaukataza kwenda mbele, nyuma na kando. Stabilaiza ni fito inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kupita kiasi.

Bushi zikiisha, gurudumu linajiamulia. Umegeuza usukani, gari linafikiria kwanza, halafu linakwenda. Ukikanyaga breki linavuta upande mmoja. Madereva wa magari ya zamani wanazoea, wanasema "hivi ndivyo DX zilivyo". Hapana. DX haikutoka kiwandani ikiwa hivyo. Hiyo ni raba ya mwaka 1983 inayoomba kuzikwa.

Msumeno wa springi

Sasa tuje kwa dhambi yenyewe. Springi ya koili ni waya mrefu wa chuma uliosokotwa. Kadiri mizunguko inavyopungua ndivyo inavyokuwa ngumu. Chukua springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, kata 2, zibaki 6. Ugumu wake umepanda kwa thuluthi moja. Wengine wataona hiyo ni faida, si tulitaka ngumu?

Subiri. Kwanza, shoki ni zile zile, na zilitengenezwa kutuliza springi laini. Sasa springi imezishinda nguvu, gari linadunda. Pili, umeshusha gari, kwa hivyo nafasi ya gurudumu kupanda imepungua. Shimo dogo tu na chuma kinagonga chuma. Gurudumu likigonga mwisho wake katikati ya kona, ugumu unaruka ghafla na tairi linaachia. Tatu, springi iliyokatwa inaweza kuwa fupi kuliko mwendo wa shoki. Siku gurudumu likining'inia, kwa mfano umepita kwenye ukingo wa lami iliyolika, springi inahama kwenye kikalio chake na hairudi ilivyokuwa. Nne, kama fundi ametumia moto wa gesi badala ya kukata kwa disiki, chuma kile kimepoteza ukakamavu wake. Kitashuka taratibu au kitavunjika, na hakitakutumia ujumbe kwanza.

La tano ndilo wengi hawalijui, na ndilo linalochekesha. Kwenye mguu wa MacPherson kuna mkono wa chini unaotoka katikati ya gari hadi kwenye gurudumu. Gari likikaa inavyopaswa, mkono huo umelala bapa au umeinama kidogo kuelekea gurudumu. Ukishusha gari sana, upande wa gurudumu unakuwa juu kuliko upande wa ndani. Ikifika hapo, sehemu ambayo mwili wa gari huizungukia wakati wa kulala inashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Wenzo unarefuka. Yaani umekata springi ili gari lisilale, na umelipa nguvu zaidi ya kulala. Juu ya hayo, usukani unaanza kujigeuza wenyewe kila ukipita tuta, kwa kuwa tairodi nazo zimekaa mshazari.

Nyuma nako, ile fito ya kushoto na kulia huchora duara inapopanda na kushuka. Ukishusha gari, ekseli nzima inasogea upande mmoja. Ukiona DX imeshushwa na tairi moja la nyuma linakwaruza mdomo wa bodi huku la pili lina nafasi ya kidole, umeshajua kwa nini.

Na nyinyi mnaopandisha gari kwa spesa za mpira au za chuma msicheke. Spesa inainua uzito, na uzito ulio juu hulala zaidi kwenye kona. Inaivuta shoki karibu na mwisho wake, kwa hivyo gurudumu likikuta shimo haliwezi kulifuata. Kidogo si mbaya kama barabara yako ni ya mawe. Nyingi ni kuigeuza saluni ngazi.

Mashahidi wetu wa nyumbani

Kuna watu wanadhani gari la mashindano lazima liwe chini na gumu kama ubao. Hiyo ni kweli kwenye uwanja wa lami laini kule Ulaya. Sisi tuna shule yetu wenyewe, na imefundisha dunia nzima.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, gari la familia lenye sura ya mwalimu mkuu. Mwaka 1965 Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544, gari ambalo umbo lake lilikuwa limepitwa na wakati tayari. Joginder alirudia tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Datsun zilishinda mwaka 1970, 1971 na 1973, kisha Shekhar Mehta akazipeleka mbele mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Peugeot 504 ilichukua mwaka 1975 chini ya Ove Andersson.

Magari hayo yalifanana nini? Hayakukatwa springi. Yaliinuliwa kiasi, yakaimarishwa penye udhaifu, na zaidi ya yote magurudumu yake yalikuwa na mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, huku shoki zikiwa na nguvu ya kuutawala mwendo huo. Peugeot walitengeneza shoki zao wenyewe badala ya kununua kwa wengine. Wazee wanaosema 504 ilikuwa inaelea juu ya mashimo hawatii chumvi. Ililala kwenye kona, ndiyo, lakini tairi halikuachia ardhi. Kulala na kuteleza ni vitu viwili tofauti, na dereva wa Safari alijua tofauti hiyo kwa makalio yake.

Tangu mwaka 2003 kuna East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani, na njia zake zimepita Taita Taveta zaidi ya mara moja. Yakirudi, usiende kupiga selfie peke yake. Simama mahali gari linapopita kwenye mtaro au tuta, utazame gurudumu badala ya bodi. Utaona gurudumu linapanda na kushuka kama mguu wa mshonaji kwenye cherehani, na dereva hapo juu kichwa chake kimetulia. Hicho ndicho tunachokitafuta, sisi wa mifuko midogo.

Mpangilio wa kazi

Sasa tufanye kazi. Fuata mpangilio huu hata kama unachukua mwaka mzima, kidogo kidogo kila ukipata.

*Kwanza, matairi.* Tazama ubavuni mwa tairi kuna nambari nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ukiona 2314, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Gari la babu linaweza kuwa na matairi yenye meno mazuri kabisa lakini raba imekuwa ngumu kama kwato. Mvua ikinyesha, kwato hazishiki. DX ilikuja na rimu ndogo, za inchi 12 au 13. Ukienda 14 yenye tairi la upana wa wastani, sawa. Ukiweka 17 yenye tairi jembamba kama raba ya kufungia pesa, umeongeza uzito chini ya springi na umeondoa ule mto wa hewa uliokuwa ukimeza vishimo. Mara nyingi bei ya rimu hizo na matairi yake inatosha kufanya kazi zote ninazozitaja hapa chini.

*Pili, bushi, boljointi na tairodi.* Piga jeki, weka gari juu ya stendi imara, si mawe. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, shuku boljointi au beringi. Shika kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, shuku tairodi. Kisha chukua nondo fupi, sukuma mikono ya chini taratibu huku ukitazama bushi. Raba iliyopasuka utaiona ikifungua mdomo.

Hapa kuna siri moja inayotofautisha fundi na fundi. Bushi za raba zikifungwa, nati zake hazikazwi mwisho gari likiwa limening'inia. Zinabanwa kidogo, gari linateremshwa likae kwa magurudumu yake, ndipo zinakazwa kabisa. Ukikaza likiwa hewani, raba inajipinda muda wote gari likiwa chini, na baada ya miezi michache imechanika. Halafu unarudi dukani kulalamika kwamba wamekuuzia feki.

Kuna bushi za plastiki ngumu, poliyurethani, ambazo watu wa mbio wanazipenda. Mbele kwenye stabilaiza zinafaa sana. Lakini ile mikono minne ya nyuma inahitaji kujipinda pande nyingi kwa wakati mmoja gari linapolala. Ukiweka plastiki ngumu kila mahali, ekseli inakwama, na ikikwama tairi la ndani linanyanyuka. Kwa gari la barabarani, raba mpya nzuri inatosha.

*Tatu, shoki.* Kandamiza kona moja ya gari kwa uzito wako, uachie. Ikipanda na kutulia, kuna matumaini. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, shoki hiyo ni marehemu. Ukiona mafuta yametiririka juu yake, usingoje mtihani. Ila ujue zoezi hili hukamata zilizokufa tu, halikamati zilizochoka. Kama hujui umri wa shoki zako, chukulia zimechoka. Nunua kwa jozi, mbele mbili au nyuma mbili, kwa maana gari lenye shoki mpya kushoto na ya zamani kulia lina tabia mbili kwenye barabara moja. Na tafadhali, usinunue shoki ya mtumba. Injini ya mtumba inaweza kuwa na maisha, mlango wa mtumba ni mlango, lakini shoki ya mtumba ni umri wa mtu mwingine unaoununua.

Tofauti kubwa kuliko zote utaisikia hapa. Wasee wengi wakifika hatua hii wanagundua hawakuhitaji kukata chochote.

*Nne, springi.* Springi za miaka 40 hushuka. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Kama upande wa dereva uko chini waziwazi, ni uzito wa babu, miaka na miaka. Tafuta springi nzima mpya, ngumu kidogo kuliko za kiwanda, na kama ni lazima ushushe, isizidi sentimita 3. Hakikisha hata gurudumu likining'inia springi bado imebanwa kwenye kikalio chake. Ukishusha mbele, kuna kipande cha chuma kinachofungwa kati ya mguu wa shoki na mkono wa usukani ili kuurudisha ule mkono wa chini kwenye mlalo wake. Hicho usikiruke.

Wenye stesheni wagoni ya majani, najua mnabeba. Kabichi na nyanya za Wundanyi hazijipeleki Voi zenyewe. Lakini lile jani la ziada ambalo fundi aliongeza ili nyuma kusishuke linafanya kazi siku ya mzigo tu. Siku ukiteremka mtupu, nyuma kunaruka kama mbuzi, na gurudumu lililo hewani halina breki. Kama mzigo si wa kila siku, ondoa jani hilo, badilisha bushi za majani na za vishikizo vyake, safisha kutu katikati ya majani. Utashangaa.

*Tano, stabilaiza.* Sasa ndipo unaweza kupunguza kulala, bila kugeuza gari ubao. Anza na ya mbele. Nene kidogo inatosha. Ya nyuma kwenye gari la kusukumwa nyuma ni ya kuogopa. Ikizidi nguvu, mkia unatangulia, na kwenye lami yenye ukungu wa asubuhi mkia ukitangulia hutauomba msamaha.

*Sita, alaimenti.* Hii ni ya mwisho daima. Kuipiga kabla ya kubadilisha bushi ni kunyoosha shuka juu ya kitanda kilichovunjika mguu. Omba karatasi ya vipimo, kabla na baada, uihifadhi.

Spea na fundi

Spea za DX bado zinapatikana ukiwa na subira. Mombasa zipo, na kule Nairobi barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ndiyo msitu wa spea. Nenda na ya zamani mkononi. Usiende na jina tu, maana mguu wa saluni na wa wagoni unaweza kutofautiana na muuzaji hana muda wa kukufundisha. Linganisha urefu, unene wa fito na matundu ya nati. Boksi lenye maandishi yaliyokosewa herufi si la kuaminiwa, hata bei ikuchekee.

Fundi muulize maswali matatu. Atakaza bushi gari likiwa juu au chini? Atabana springi kwa kifaa chake maalum au kwa waya na maombi? Baada ya kazi atakubali mwende naye barabarani? Jibu la tatu ndilo linalosema mengi. Fundi anayeiamini kazi yake atapanda. Na kuhusu springi, usifungue mguu wa MacPherson nyumbani bila kifaa cha kubana. Springi iliyobanwa ikitoka ghafla inaweza kuua mtu.

Kabla ya kwenda kujionyesha

Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, kisha endesha wiki moja kabla ya kingine. Ukibadilisha vitano siku moja na gari likawa la ajabu, hutajua mkosaji ni nani. Andika kwenye simu tarehe, ulichofunga, na ulichosikia.

Kwa majaribio huhitaji mwendo mkali. Chukua chupa ya soda iliyojaa nusu, iweke wima kwenye kishikilia vikombe au ishikwe na rafiki aliyekaa kando, mpande Wundanyi mchana, barabara ikiwa kavu, kwa mwendo wa kawaida. Tazama maji. Yakienda upande mmoja na kukaa huko hadi kona iishe, gari limetulia. Yakipiga kushoto, kulia, kushoto ndani ya kona moja, bado una kazi. Kuteremka tumia gia ile ile ambayo ungepandia, breki ziguse tu, kwa sababu hakuna shoki duniani inayopoza breki zilizochemka.

Tena barabara hii si uwanja wa mtu. Inapita watoto wa shule, boda boda zenye magunia, mama aliyebeba kuni, na magari yanayokimbiza mgonjwa hospitali ya Wesu. Wao hawakuchagua kuwa sehemu ya mradi wako. Gari linalokwenda mahali ulipoelekeza, na kusimama ulipotaka, ni heshima kwao kabla ya kuwa raha kwako.

Ukimaliza hayo yote na bado una kitu mfukoni, sasa nenda ukachague rangi.